Siku Tatu Kisiwani Wasini

Mtu akaaye Mombasa husahau kwamba anakaa kisiwani. Majumba yameficha maji, na kelele za magari zimefunika sauti ya mawimbi. Upande wa bara mtu hupita Makupa bila kutambua kwamba amevuka bahari. Ni Likoni tu, penye kivuko, ambapo bahari humkumbusha mtu wa mji kwamba imemzunguka, nayo humkumbusha kwa kumsimamisha. Basi haikuwa ajabu rafiki zangu kucheka nilipowaambia, katika likizo ya Novemba, kwamba nimechoka na nataka kwenda kisiwani kupumzika. "Unatoka kisiwani kwenda kisiwani?" waliniuliza. Niliwajibu kwamba kisiwa kilichosahau kuwa kisiwa si kisiwa tena.

Kazi yangu ni kuandika hesabu za fedha za watu wengine, na nyumba yangu iko karibu na kituo cha mabasi, mahali ambapo wapiga debe huamka kabla ya jogoo. Dada yangu aliposikia nakwenda Wasini alinipa mwanawe, kijana wa miaka 14, akasema, "Kaka, mchukue huyu akaone kwamba samaki hazaliwi sokoni." Nilimchukua kwa furaha, maana kijana mwenye maswali ni mwenzi mwema wa safari, mradi asiulize yote kwa siku moja.

Tulivuka Likoni alfajiri. Kivuko hakimtozi nauli mtu apitaye kwa miguu. Yamkini ni kwa sababu hiyo kwamba hapana mahali Mombasa ambapo tajiri na maskini husimama bega kwa bega kama pale. Wazee wakipanda hutazama maji kwa muda mrefu kuliko vijana. Wao wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, kivuko kilipopinduka Mtongwe na watu 272 wakafa. Mpwa wangu hakuwa na habari hiyo. Nilimsimulia, naye akashika ukuta wa chombo kwa mikono miwili hata tulipofika ng'ambo.

Kutoka Likoni hata Shimoni ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na barabara hufuata pwani kuelekea mpaka wa Tanzania. Tulipita Ng'ombeni, Waa na Tiwi, kulia kwetu vilima vya Shimba, kushoto kwetu minazi na, nyuma ya minazi, bahari isiyoonekana. Ukunda wageni wengi walishuka kwenda Diani, penye mchanga mweupe na mahoteli. Sina neno baya juu ya Diani. Nitasema hili tu, kwamba huko mbega, wale kima weusi wenye mabega meupe, wamefungiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari, na madaraja yao yalikuwako zamani, wakati watu wa Likoni bado wakingoja daraja lao.

Baada ya Ukunda safari hupungua makelele. Gazi tuliona mikoko imesimama katika matope yake kama watu walioinua nguo ili wasiloe. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni, tangu mwaka 2013, wana mradi uitwao Mikoko Pamoja: wao huilinda mikoko isikatwe, na watu wa nchi za mbali huwalipa kwa ajili ya hewa ya ukaa ambayo miti ile imeifungia katika matope. Mpwa wangu alitaka kujua mtu huuzaje hewa. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Baadaye tulipita Msambweni na korosho zake, kisha Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988 na miwa ikaachwa ikawa pori, hata kampuni nyingine ilipokuja kuipanda upya. Mbele ya Ramisi tuliiacha barabara kuu tukageukia baharini.

Shimoni pameitwa hivyo kwa sababu pana shimo. Ni pango kubwa katika mwamba wa pwani, na mdomo wake mmoja hutazama baharini. Ndani yake pana giza la kijivu, popo wananing'inia, na mahali pengine dari imetoboka na miale ya jua hushuka kama kamba. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani watu wa hapa walijificha humo waliposhambuliwa na maadui kutoka bara, na kwamba baadaye watumwa waliokuwa wakingoja majahazi walifungiwa humo humo. Hivyo mahali palipokuwa kimbilio pakageuka kuwa gereza. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alishurutishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Lakini katika pwani hii ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria hata mwaka 1907. Mtu aliyezaliwa mwaka ule angeweza kuwa babu wa mwenyeji wangu, ambaye nitamtaja punde. Si zamani sana.

Mwongozi wetu alituonyesha vipande vya chuma vilivyopigiliwa mwambani, vimeliwa na kutu. Mpwa wangu aligusa kimoja, akautoa mkono upesi, akaufuta katika suruali yake. Hakuuliza swali lo lote. Tulipotoka nje tulilipa ada ya kuingia, nayo hukusanywa na kijiji wenyewe kwa mahitaji ya watoto wa shule na wagonjwa. Nilifikiri kwamba shimo lile linadaiwa mengi, na kwamba linalipa polepole.

Kutoka gati la Shimoni kisiwa cha Wasini kinaonekana ng'ambo ya mkondo mwembamba: ukingo mrefu wa kijani, mibuyu michache, mnara wa msikiti. Mashua yetu iliongozwa na nahodha mmoja mwenye asili ya Pemba. Alizaliwa Shimoni, na baba yake alizaliwa Shimoni, lakini kwa miaka mingi yeye na wenzake walihesabiwa kuwa wageni, bila kitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapewi leseni ya uvuvi, wala hawezi kuweka fedha benki. Wapemba wa Kenya walikubaliwa na serikali kuwa wananchi na jamii mojawapo ya nchi mwaka 2023. Nahodha alikitoa kitambulisho chake katika mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, akatuonyesha picha. "Picha hainipendezi," alisema, "lakini bahari sasa inanijua jina." Kabla hatujamaliza kucheka tulikuwa tumefika.

Neno la kwanza ambalo mtu wa mji hulitambua Wasini ni kwamba hapana gari. Hapana hata moja. Njia za kijiji ni nyembamba, zinapita kati ya kuta za mawe ya matumbawe, na kinachoweza kukupisha au kukuzuia ni mbuzi. Siku ya kwanza masikio yangu yalikuwa yakingoja kitu ambacho hakikuja. Nilisikia mtu akikohoa nyumba ya tatu. Nilisikia nazi ikikunwa. Nilisikia upepo ukipita katika makuti, ukinyamaza, ukirudi. Kisiwa kina kijiji cha Wasini upande wa magharibi na cha Mkwiro upande wa mashariki, na mwenye miguu mizuri aweza kutoka kimoja hata kingine na kurudi katika siku moja bila kuharakisha neno lo lote.

Mwenyeji wangu alikuwa mkwe wa mwenzangu wa kazini, mzee wa miaka 70 na zaidi, mvuvi wa zamani. Watu wa hapa ni Wavumba, na Kiswahili chao, Kivumba, kina ladha yake. Wao kwa wao wakisema upesi mtu wa Mombasa hubaki akiokota maneno kama mtu aokotaye chaza. Wanauhesabu ukoo wao toka Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa karibu na mpaka wa Tanzania, ambao watawala wake waliitwa madiwani. Mji ule ulihamwa, na watu wake wakatawanyika Vanga, Wasini na kwingineko. Yapo makaburi ya kale kisiwani, na magofu ya nyumba za mawe, na wako wasemao kwamba jina la Wasini latokana na watu wa Sini, yaani Uchina. Mzee alipoulizwa juu ya hilo alitabasamu. "Mwanangu," alisema, "jina ni kama mashua kuukuu. Kila mtu anadai babu yake ndiye aliyeichonga."

Jioni ile lilitokea jambo dogo. Mpwa wangu alitoka pwani miguu yake imejaa mchanga, akaona pipa la maji upenuni, akachota kata moja akajimwagia mguu wa kulia, akachota ya pili akajimwagia wa kushoto, akachota ya tatu. Mke wa mzee alikuwa ameketi juu ya mkeka akipepeta mchele. Hakusema neno. Aliuweka ungo chini, akatazama. Kimya chake kilikuwa kizito hata kijana akasimama na kata mkononi, asijue la kufanya. Kisha bibi akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, hayo ni maji ya Mei."

Hatukuelewa. Ndipo alipotueleza. Kisiwa hiki hakina mto wala chemchemi. Chini pote ni mwamba wa matumbawe uliotoboka kama sifongo. Mvua ikinyesha huzama na kukutana na bahari, na ukichimba kisima wapata maji ya chumvichumvi. Tangu zamani watu wa hapa wameishi kwa maji ya mvua, wakiyakinga kutoka mapaa na kuyaweka katika jabia na mapipa, masika kwa ajili ya kiangazi, vuli kwa ajili ya kaskazi. Mvua zikichelewa, maji huletwa kutoka Shimoni kwa mashua, nayo hununuliwa. Yale maji aliyojimwagia kijana yalikuwa yameanguka juu ya paa lile wakati wa masika, yakahesabiwa kata kwa kata tangu siku ile. Vuli ya mwaka ule ilikuwa imechelewa. Bibi aligonga pipa kwa kidole toka juu kushuka chini, nasi tukasikia sauti ya utupu ikiendelea, ikiendelea, hata karibu na chini ilipobadilika.

Nilikumbuka mahoteli tuliyoyapita asubuhi, na mabwawa yao ya kuogelea yaliyochimbwa hatua chache tu kutoka baharini. Wageni wengi huja Wasini kwa saa nne, hula kaa na samaki, husifu utulivu, hurudi. Mimi pia nilikuwa nimekuja kwa ajili ya utulivu. Lakini baada ya pipa lile nilianza kuona jinsi utulivu huo ulivyotunzwa. Wanawake waliopita njiani polepole, ambao mchana nilidhani wanatembea kwa raha, walikwenda vile kwa sababu walichukua ndoo kichwani na hawakutaka tone limwagike.

Baada ya sala ya isha mzee aliniita barazani. Kahawa ilikuwa chungu na kashata tamu. Alisubiri hata mpwa wangu aliposinzia, kisha akanieleza haja yake. Alikuwa na mjukuu wa kiume, kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule mwaka uliopita, naye alitaka kwenda Mombasa kutafuta kazi, na kutoka Mombasa, Mungu akipenda, kwenda Ghuba, ambako binamu yake alikuwa mlinzi wa mlango katika duka moja kubwa la Doha. "Wewe ni mtu wa mji," mzee aliniambia. "Mwambie kijana huyu mji ni nini. Akisikia kwangu husema naogopa kubaki peke yangu." Alinyamaza kidogo, akatia neno, "Nako naogopa." Nilimwambia nitasema naye. Nililala vibaya usiku ule ingawa hapakuwa na kelele yo yote, kwa maana nilikuwa nimeukimbia mji siku tatu, na sasa nilitakiwa kuutolea ushahidi.

Siku ya pili mzee alitupeleka Kisite. Kusini ya Wasini vimo visiwa vidogo, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na vingine, na Kisite yenyewe, ambayo ni mwamba na mchanga tu katikati ya bahari, umezungukwa na matumbawe. Mahali hapo pamehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1973. Hifadhi ya Kisite, eneo la kilomita za mraba 28, haivuliwi kabisa. Ile ya Mpunguti, kilomita za mraba 11, huvuliwa kwa njia za asili tu, mishipi na malema. Njiani tuliona pomboo. Watano walipanda na kushuka mbele ya omo kama waliokuwa wakitushonea njia, na mpwa wangu alipiga ukelele ambao ulifika, nadhani, Pemba.

Tulivaa miwani ya maji tukashuka. Nimeishi pwani maisha yangu yote, nimekula samaki maelfu, lakini sikupata kuwaona wakiwa na shughuli zao wenyewe. Kitatange walipita wawili wawili kama maarusi. Pono alikuwa akiuguguna mwamba kwa meno yake, nikasikia kwa masikio yangu mlio wa kutafuna chini ya maji. Na mchanga mweupe ambao watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuulalia, sehemu yake ni mwamba uliopita katika tumbo la samaki huyo. Kasa mmoja alitutazama kwa jicho la mtu aliyeamshwa, akaondoka bila haraka.

Tuliporudi chomboni mzee alikuwa ameketi juu ya ukingo, mgongo wake umeelekea Kisite. Nilimwuliza kama hapendi kutazama. "Hapa ndipo baba yangu alipokuwa akivua," alisema. "Nilikuwa na miaka 18 walipotuambia pamefungwa. Walikuja na karatasi. Sisi tulikuwa na watoto na wazee wa kulisha, na mahali palipofungwa ndipo palipokuwa na samaki; wasingefunga mahali pasipo na samaki. Nilikasirika miaka mingi. Sasa nachukua wageni kuja kutazama changu ambao baba yangu angewapika."

Nilimwuliza kama hata leo ana hasira. Hakujibu upesi. Alisema kwamba samaki hawajui mpaka, na wale wanaozaliwa ndani ya hifadhi hukua na kutoka nje, na wavuvi wa siku hizi wanajua kwamba kutega pembeni ya hifadhi kuna faida kuliko kutega mbali. Hilo alilikubali. Lakini alisema pia kwamba waliolipa bei yake walikuwa wachache, nao hawakuulizwa. Kwa maoni yangu maneno yote mawili ni kweli, na mtu anayetaka kulishika moja ili aliache la pili hataielewa pwani hii.

Tena lipo jambo ambalo askari wa hifadhi hawezi kulizuia mlangoni. Matumbawe si mawe wala si mimea, ingawa yanafanana na vyote viwili. Ni wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao hukaa miani midogo sana inayowalisha na kuwapa rangi. Maji yakizidi joto, wanyama wale huitapika miani yao, wakabaki weupe, na joto likikawia hufa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliipita Bahari ya Hindi, na katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe yakafa. Mzee alikumbuka mwaka ule. Alisema miamba ilionekana kama imepakwa chokaa kwa ajili ya sikukuu. Tangu hapo watu wa Wasini wamejifunza kupanda vipande vya matumbawe hai mbele ya kijiji chao, katika sehemu waliyoifunga wao wenyewe isivuliwe. Nilimwuliza nani alishauri kuifunga. "Sisi," alisema. Alilitamka neno hilo tofauti kabisa na alivyotaja ile karatasi.

Jioni nilimkuta mjukuu kwenye gati, miguu yake inaning'inia juu ya maji. Niliketi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu mchana: kodi za nyumba, watu kumi kwa chumba kimoja, vijana wenye vyeti wanaobeba mizigo sokoni, mawakala wanaochukua fedha za safari ya Ghuba kisha wakatoweka. Yote ni kweli, niliyaeleza yote, naye akanisikiliza kwa adabu. Nilipokwisha akasema, "Ami, nakushukuru. Lakini wewe umekuja hapa kupumzika siku tatu. Mimi nimepumzika miaka 19."

Sikuwa na jibu. Akaendelea bila uchungu. Alisema hakichukii kisiwa. Alisema akiwa mbali atakiota kila usiku, jambo hilo analijua tangu sasa. Lakini kazi zilizopo ni za kupeleka wageni na kuwapikia wageni, na wageni nao huja kwa misimu. Mwaka 2020, wakati wa korona, hawakuja, na nyumba nyingi zilijua maana yake. Alitaka kununua mtambo wa mashua uwe wake. Alikuwa amepiga hesabu katika daftari. Nikaomba kuiona, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Ilikuwa hesabu nzuri, safi kuliko nyingi ninazoletewa na wafanyabiashara wa mjini, isipokuwa hakutia gharama ya kula. Tulikaa pale hata giza likaingia, tukiipanga upya kwa mwanga wa simu yake: miaka mingapi Doha, kiasi gani cha kuleta nyumbani, na, upande wa pili wa karatasi, kiasi gani kingepatikana kama angekopa katika chama cha akina mama wa kijiji na kuanza na mtambo mdogo, wa mkono wa pili. Pande mbili zilikaribiana kuliko alivyodhani. Hazikulingana.

Chama hicho nilikiona siku ya tatu. Nyuma ya kijiji ipo bustani ya matumbawe, bahari ya kale iliyoachwa nchi kavu: miamba imesimama kama majitu yaliyoganda, kijivu, yenye makali, na kati yake maji ya bamvua huingia na kutoka, na mikoko midogo imeota. Wataalamu husema matumbawe ya kale ya pwani hii yalikuwa hai miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Wanawake wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu ya bustani hiyo ili mgeni apite bila kukatwa miguu, nao hutoza kiingilio, na fedha hiyo hulipa karo za watoto na kuwakopesha wanachama. Walitupikia mboga ya pwani, majani manene yenye chumvi yao wenyewe, kwa ndimu. Mpwa wangu aliomba zaidi, kisha akaomba maji ya kunywa, akapewa bilauri. Akainywa yote, na tone la mwisho akalitikisia mdomoni. Mke wa mzee alimwona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Usiku wa mwisho mzee aliniuliza nimesema nini na mjukuu wake. Nilimwambia tulipiga hesabu. Akatikisa kichwa, akanyamaza, akauliza kama hesabu ile ilikuwa na mahali pa babu. Nilimwambia ukweli, kwamba ilikuwamo: katika karatasi ya Doha kijana alikuwa ameandika, mstari wa kwanza kabla ya mtambo, jabia jipya la saruji na milizamu ya bati kwa ajili ya nyumba hii. Mzee alikipeleka kikombe mdomoni ingawa kahawa ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa yapata saa nane za usiku nilipoamshwa na harufu. Si sauti, harufu kwanza: udongo mkavu uliolowa. Kisha tone moja juu ya bati, na la pili, na kabla sijaketi kitandani kijiji kizima kilikuwa kimeamka. Milango ilifunguliwa, taa zilitembea, watoto walikuwa uani wakipiga kelele, ndoo na masufuria na beseni zikagongana gizani. Vuli ilikuwa imefika. Bibi alikuwa amekwisha simama upenuni, kanga imemganda mwilini, akielekeza kila chombo mahali pake. Mpwa wangu alikuwa akikimbia kati ya paa na pipa na ndoo mbili, bila viatu. Mjukuu alikuwa juu ya paa. Nilimwona kwa mwanga wa radi, amepiga magoti, anazoa kwa mikono majani yaliyoziba mlizamu, na maji yakaanza kutiririka, machafu kwanza, halafu safi.

"Ami," aliita kutoka juu, "hayo ya kwanza yamwage! Kisha isogeze ndoo kushoto, kushoto kidogo. Hapo. Usiiondoe."